Maji yameisha, mashine haiamini: uchambuzi wa kisa cha mashine ya kufulia iliyogoma kukamua

Mashine yenyewe ni ya mlango wa mbele, ya kilo 7, imetumika miaka kadhaa bila usumbufu. Malalamiko ya mwenyewe: inafua vizuri, inamwaga maji, halafu inaganda. Dakika kwenye kioo hazisogei. Pampu inaunguruma muda mrefu kupita kawaida, kisha inanyamaza, na kioo kinaonyesha msimbo wa hitilafu ya kutoa maji. Mlango haufunguki mpaka uusubiri sana. Ukifunguka, nguo zinachuruzika, na mara nyingine bado zina sabuni.

Fundi wa kwanza alisoma msimbo, akabadilisha pampu. Mashine ikatulia kwa muda, ikarudia. Wa pili akasema pampu mpya ni nzima, basi tatizo ni bodi, yaani saketi ya umeme inayoiamuru mashine. Bodi ni miongoni mwa vipuri ghali kabisa kwenye mashine, na ndiyo inayotupiwa lawama fundi akiishiwa maswali. Kwa sababu haionyeshi mkaa wala haitoi harufu, ni rahisi kuihukumu: huoni kilichoharibika, basi sema kimeharibika kile usichokiona.

Kabla sijashika bisibisi nilimuuliza mwenye mashine.

"Mama, inapogoma, maji huwa bado yamo ndani?"

"Hapana, fundi. Ukichungulia kwenye kioo cha mlango huoni maji. Ni nguo tu zimeloa."

"Na ukiizima ukaiacha mpaka kesho yake?"

"Asubuhi inafanya kazi kama haijawahi kuumwa. Halafu kuna kitu kingine, sijui kama kina maana. Nikifua mashuka kwa maji ya moto huwa inamaliza. Inayonitesa ni ile programu fupi ya maji baridi."

Kilikuwa na maana kubwa. Kwenye majibu hayo matatu ugonjwa wote ulikuwa umeshasemwa, ila umesemwa kwa lugha ya mtu anayefua, si ya mtu anayetengeneza. Pampu mbovu haiponi kwa kulala usiku mmoja na kisha ikachagua kumaliza mashuka. Bodi yenye relei iliyoungua au solda iliyopasuka inaweza kusumbua kwa vipindi, hilo kweli, lakini kwa kawaida joto huizidishia matatizo. Hapa joto lilikuwa linaleta nafuu. Kinachopata nafuu kwenye maji ya moto na kuganda kwenye baridi ndani ya mashine ya kufulia, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni uchafu wa sabuni.

Lakini wazo si ushahidi. Nikaanza na kilichoonekana.

Niliweka programu ya kutoa maji peke yake baada ya mashine kujaza kidogo, mpira wa kutolea maji nikautumbukiza kwenye ndoo. Maji yalitoka kwa nguvu, mkondo mzima, bila kukatika. Yalipokaribia kuisha sauti ya pampu ikabadilika, kutoka mvumo mzito hadi ule mkoromo wa maji yaliyochanganyika na hewa. Huo mkoromo ni taarifa: pampu haina tena cha kuvuta. Mashine isiyo na hitilafu inatakiwa kuendelea sekunde chache tu, kisha ngoma ianze kujizungusha taratibu kusawazisha nguo kabla ya kukamua. Hii haikufanya hivyo. Iliendelea kukoroma, kukoroma, huku kwenye ndoo hakuna kinachoongezeka, mpaka ikatoa msimbo wake uleule.

Kwa hiyo msimbo ulikuwa unasema uongo, au tuseme ulikuwa unasema ukweli wa kitu kingine. Msimbo wa kutoa maji hausemi kwamba pampu imekufa. Unasema: nimeamuru maji yatoke, muda niliopewa umeisha, na bado sijaambiwa kwamba yametoka. Fundi wa kwanza alisoma nusu ya sentensi.

Zipo sababu nyingine za mashine kukataa kukamua, na nilizipitia haraka. Nguo zikikusanyika upande mmoja, mashine hujaribu, hupunguza, huzigeuza, hujaribu tena. Hii haikuwa imejaribu hata mara moja. Brashi za kaboni za mota zikiisha, ngoma huanza kulegea hata wakati wa kufua, na hapa kufua kulikuwa safi. Povu jingi huweza kuleta dalili karibu sawa na hizi, kwa sababu pampu huvuta povu badala ya maji, lakini povu utaliona kwenye kioo na kioo kilikuwa kitupu. Filta ya pampu niliifungua, nikakuta kifungo cha shati na uzi kidogo, hakuna cha kuzuia maji.

Ikabaki swali moja: nani anaipelekea bodi habari za maji?

Watu wengi hudhani ndani kuna kitu kinachogusa maji, kama boya la tangi la choo. Kwenye mashine nyingi za kufulia hakuna. Ubavuni mwa tangi, yaani lile pipa la nje lisilozunguka, upande wa chini, kuna chemba ndogo ya plastiki iliyo wazi kwa chini na kufungwa juu. Kutoka juu yake unapanda mpira mwembamba hadi kwenye swichi ya presha iliyo karibu na kifuniko cha juu cha mashine. Maji yakipanda ndani ya tangi yanaingia chembani kutokea chini, yanaibana hewa iliyomo, kama bilauri iliyosukumwa kichwa chini ndani ya beseni. Hewa iliyobanwa inasukuma utando wa mpira ndani ya swichi, na utando unafunga au kufungua njia ya umeme. Bodi haijui maji. Inajua hewa.

Na presha inayozungumzwa hapa ni ndogo mno. Maji ya kina cha sentimita 10 yanaleta takriban kilopaskali 1, yaani karibu sehemu 1 kwa 100 ya presha ya hewa tunayoishi ndani yake. Ndiyo maana mfumo huu, pamoja na usahili wake, hauvumilii uchafu. Kitu chepesi sana kinatosha kuuchanganya.

Kuna jambo jingine ambalo halipewi uzito. Swichi hizi hazifungi na kufungua kwenye kina kilekile. Zimetengenezwa kwa makusudi ziwe na pengo, ili mashine isikae ikifungua na kufunga maji kila ngoma inapoyatikisa. Chukua mfano wa swichi inayojibu "maji yamefika" kwenye sentimita 10: inaweza isirudi kusema "maji yameondoka" mpaka presha ishuke hadi ya sentimita 5 au chini zaidi. Maana yake ni kwamba ikibaki robo tatu tu ya ile presha ya mwanzo imenaswa ndani ya mpira, basi kwa mujibu wa bodi tangi bado limejaa.

Bodi nayo ina haki ya kukataa. Ngoma yenye kipenyo cha nusu mita ikizunguka mara 1200 kwa dakika, kitu kilicho ukingoni kinasukumwa nje kwa nguvu ya takriban mara 400 ya uzito wake. Maji ambayo hayajatoka yakikutwa na mwendo huo huizuia ngoma, huibebesha mota mzigo, na yakichanganyika na sabuni hutengeneza povu lisiloisha. Aliyeiandika programu ile alifanya vizuri kuiambia isikamue penye shaka.

Kipimo kilichomaliza ubishi

Mashine ilikuwa imeganda palepale na msimbo wake, tangi tupu. Nikaichomoa kwenye soketi. Hili silifanyii mzaha, kwa sababu kwenye mashine nyingi zenye swichi za aina hii nguzo za swichi, yaani pale nyaya zinapoungwa, zina umeme mkubwa wa nyumba, si ule mdogo wa bodi. Nikafungua skrubu za nyuma, nikatelezesha kifuniko cha juu, nikaiona swichi pembeni ikiwa imeshikwa na ukuta wa mashine, mpira wake mwembamba ukishuka kuelekea chini.

Nikaulegeza mpira kwenye kidole cha swichi, nikauvuta taratibu.

Tak.

Mlio huo mdogo ndio jibu. Swichi ilikuwa bado imebanwa na presha ilhali chini hakuna maji. Kama presha ingekuwa imeshuka maji yalipotoka, swichi ingekuwa imekwisha kurudi zamani, na kuchomoa mpira kusingeleta sauti yoyote.

Nikaacha mpira ukining'inia, nikarudisha kifuniko, nikachomeka umeme, nikachagua programu ya kukamua peke yake. Pampu ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Ngoma ikaanza taratibu, ikapanda, ikafika kasi yake yote. Ikamaliza, ikasimama, kufuli la mlango likaachia baada ya dakika yake ya kawaida. Kwa kipimo hicho kimoja bodi, mota, mkanda, pampu na kufuli vyote vimeachiwa huru. Haikuhitajika mita, wala bodi ya kuazima.

Tahadhari kwa atakayejaribu: mpira ukiwa umechomolewa, usithubutu kuweka programu ya kufua. Mashine itaingiza maji, haitaambiwa kwamba yamejaa, na itaendelea kuingiza. Kipimo hiki ni cha kukamua tu, na tangi liwe tupu kwa macho yako mwenyewe. Pia mashine za miaka ya karibuni mara nyingi hazina swichi inayolia; zina sensa inayoipelekea bodi ishara ambayo masafa yake yanabadilika kadiri presha inavyobadilika. Hizo hutasikia tak. Lakini kuchomoa mpira na kuijaribisha kukamua kunabaki kipimo kizuri, ingawa baadhi yake zitalalamika zikiona usomaji usioeleweka.

Swichi, mpira au chemba?

Vitu vitatu vilibaki kwenye njia hiyo. Nikiwa nimeichomoa tena mashine, nilianza na swichi: nikaipuliza kwa mdomo kupitia kipande kifupi cha mpira, polepole. Tak ilipofunga, tak nilipoachia. Nikarudia nikisikiliza kama inasita. Haikusita. Tafadhali usipulize kwa nguvu za kupuliza puto, mapafu ya mtu mzima yanatoa presha kubwa mara kadhaa kuliko inayohitajika hapa na utando ni laini. Kompresa ndiyo kabisa isikaribie ikiwa swichi bado imeungwa.

Mpira niliuangalia urefu wake wote, hasa pale unapopita karibu na tangi, kwa sababu tangi linatikisika na mpira ukisuguana nalo hutoboka. Hapakuwa na tundu. Kisha nikaupuliza kuelekea chini. Hapo pumzi iligonga ukuta. Njia ikiwa wazi unapuliza bila kuhisi kitu, na kama kuna maji chini unasikia mapovu. Hapa palikuwa na ukinzani, halafu kitu kikasogea kidogo kwa mguno wa matope, halafu ukinzani tena.

Kuifikia chemba kunategemea mashine. Nyingine inafikiwa kwa nyuma, nyingine lazima ulaze mashine ubavu, na hii ilitaka kufunguliwa paneli ya mbele ya chini. Chemba imekaa ubavuni mwa tangi, imeungwa chini kwa shingo ya mpira na kushikwa kwa klipu. Nikaweka kitambaa, nikaitoa.

Ukiona kilichomo hutashangaa tena. Ilikuwa uji mzito wa kijivu, unaoteleza, wenye nyuzinyuzi ndani yake, na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kikiwa na unyevu. Uji huo ulikuwa umejaza shingo yote na karibu nusu ya chemba. Ukiubonyeza unabonyea kama jeli. Kwenye maji ya moto unalainika, na ndiyo maana mashuka yalikuwa yanamaliza. Kwenye baridi unakaza.

Mwendo wa kosa unaeleweka sasa. Maji yakipanda, uzito wake unasukuma taratibu kupitia kwenye uji, hewa inabanwa, swichi inafunga. Pampu ikitoa maji, kiasi kilichokwisha kuingia chembani kinashindwa kushuka, uji umeziba shingo, na hewa iliyo juu yake inabaki imebanwa. Inapenya kidogokidogo kwa saa nyingi. Mashine iliyolala usiku kucha inaamka presha imeshapotea, nayo inaonekana imepona. Kila mtu aliyebadilisha kitu jioni akaijaribu asubuhi angeapa kwamba amefanikiwa, na sina shaka pampu mpya ilipata sifa yake kwa njia hiyo.

Nilisafisha chemba kwa maji ya moto na brashi ndefu nyembamba ya kuoshea chupa. Waya siutumii, plastiki ya chemba hizi ni nyembamba na tundu dogo litakuletea ugonjwa wa kinyume. Shingo ya mpira niliigeuza ndani nje nikaisugua. Mpira mwembamba niliupitisha maji ya moto, nikaupuliza mpaka ukauke, maana matone yakibaki ndani yake kwenye kona ya chini yanaweza nayo kuziba hewa. Wakati wa kurudisha, klipu ndiyo kazi yenyewe. Unganisho likivuja hewa hata kidogo, presha haitapanda inavyostahili, mashine itadhani maji ni machache na itaendelea kuyaongeza.

Kitu ambacho ningependa mafundi wenzangu wasikiruke: kabla sijafunga, nilipima hita. Ugonjwa huu una upande wa hatari ambao mteja hauoni. Ukianzisha programu mpya mara tu baada ya mashine kugoma, swichi bado inasema maji yapo. Mashine inaingiza maji machache au isiingize kabisa, na kama programu ni ya moto, inaweza kuwasha hita kwenye tangi lisilo na maji. Hita nyingi zina fyuzi ya joto ndani yake inayokatika hali ikifika huko, lakini fyuzi hiyo hairudi, na kinga ya pili huenda isiwepo. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 inatakiwa isome karibu ohmu 26. Hii ilisoma 27, na kati ya nguzo zake na mwili wa chuma hakukuwa na njia yoyote. Ilikuwa na bahati.

Pampu ya zamani mama alikuwa ameihifadhi. Niliipima kwa udadisi: ohmu kama 160, na nikiuzungusha mhimili wake kwa kidole unaruka kwa mishtuko midogo midogo ya sumaku, kama pampu za aina hiyo zinavyotakiwa kufanya. Nzima kabisa. Nikamwambia airudishe kabatini, sasa ana ya akiba.

Uji umetoka wapi

Hapa ndipo mazungumzo yanapokuwa magumu kidogo, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa anafua vibaya. Nami sikumwambia hivyo, kwa kuwa alikuwa anafanya ambacho wengi tunafundishwa: nguo chafu, ongeza sabuni. Alijaza kikombe cha sabuni ya unga, akaongeza kilainisha nguo, akachagua programu fupi ya baridi ili kuokoa umeme na muda. Kila kimoja peke yake hakina ubaya. Vikikutana kwa miaka, sabuni isiyoyeyuka vizuri inagandamana na mafuta ya kilainisha na nyuzi za nguo, na mchanganyiko huo hutafuta mahali ambapo maji hayapiti kwa kasi. Ndani ya tangi ngoma inayasukasuka maji. Kwenye pampu mkondo ni mkali. Chembani hakuna mkondo hata kidogo, maji yanapanda na kushuka tu. Hata kama ungetafuta pa kuweka tope usingepata pazuri kuliko hapo.

Aliniuliza kama kuna dawa ya kumimina mashine ifanye yenyewe. Za kusafishia mashine zipo na zinasaidia kwenye ngoma na mpira wa mlangoni, lakini shingo ikishaziba kabisa dawa haifiki. Nilichompa ni rahisi: sabuni ifuate kipimo cha pakiti kwa uzito wa nguo na ugumu wa maji, na mahali penye maji laini ipungue zaidi, kilainisha kiwe cha baadhi ya nguo, taulo hazikihitaji na kinazipunguzia uwezo wa kunyonya maji, na mara kwa mara mashine izungushwe bila nguo kwa nyuzi 60 au zaidi.

Kilainisha kina kesi nyingine pia, na nitaitaja kwa kuwa wengi wana mashine zote mbili. Mashine nyingi za kukausha kwa joto hutambua ukavu kwa vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya ngoma. Nguo mbichi ikivigusa inapitisha umeme mdogo kati yake, kavu haipitishi. Vikipakwa utando wa kilainisha, mashine inaambiwa nguo zimekauka na kuzima mapema, nguo zikiwa bado na unyevu. Nako huko watu hununua hita na bodi, wakati kitambaa chenye siki kidogo kingetosha.

Turudi kwa mashine yetu. Sikuijaribu kwa maji ya moto, huko ilikuwa inafaulu hata ilipokuwa mgonjwa. Niliipa nguo, programu fupi ya baridi, ile iliyokuwa inamtesa mwenyewe, nikakaa karibu na mlango wake. Kila mara ilipomaliza kutoa maji, mkoromo wa pampu ulidumu sekunde chache tu kabla ya ngoma kuanza kujizungusha. Ilipoisha nikaianzisha tena papo hapo bila kuipa nafasi ya kupumzika, maana usiku wa kupumzika ndio uliokuwa unawadanganya watu. Ikamaliza tena.

Nikamwachia mama jambo moja la kuangalia. Kwa wiki za mwanzo, akiona maji yamepanda hadi nusu ya kioo cha mlango wakati wa kufua, au akisikia pampu inatoa maji huku mashine bado inaingiza mengine, afunge bomba, achomoe plagi na anipigie. Hiyo itakuwa ni ile klipu ya chemba imelegea, na ni kazi ya kufungua paneli ya mbele tu.